Toleo Jipya Likigoma: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maagizo haya ni ya watu wanaopandisha programu kwenye seva za benki, hospitali, bandari, mifuko ya hifadhi ya jamii na kampuni za simu, pamoja na wakubwa wao. Hayahusu namna ya kuandika programu isiyo na kasoro. Yanahusu saa zinazofuata baada ya toleo jipya kuingia na watu wote waliomo chumbani kutambua kwamba mfumo umegoma.

Nayaandika kwa ukali kwa sababu nyuma ya seva hizo kuna watu. Yupo mama aliyekwisha kulipia umeme na tokeni haijaingia, yupo mzazi aliyesimama dirishani kwa mhasibu wa shule, yupo mgonjwa ambaye kadi yake ya bima haisomi. Tena ukisoma ripoti za ajali kubwa za mifumo utakuta jambo moja linajirudia: kosa la kwanza lilikuwa dogo na lingeweza kutibika. Lililoangusha taasisi ni kosa la pili, lililofanywa na mikono iliyokuwa inaokoa.

Usiguse seva yoyote kabla hujajua kila moja inaendesha toleo gani.

Mwishoni mwa Julai 2012, mafundi wa Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, walipandisha programu mpya kwenye seva nane zinazopeleka maagizo sokoni. Saba ziliipata. Ya nane ilirukwa, na hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili akague. Kwenye seva zile ilikuwamo bado programu ya zamani iliyoitwa Power Peg, iliyoachwa kutumika tangu 2003 lakini haikufutwa. Toleo jipya likatumia alama ileile ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikiiamsha Power Peg. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti soko lilipofunguliwa saa tatu na nusu, seva saba zilifanya kazi yake. Ya nane ikaanza kununua na kuuza mfululizo, bila kuhesabu imefika wapi.

Mpaka hapo mgonjwa ni seva moja. Sasa angalia kilichofuata. Mafundi waliamini kwamba ubaya uko kwenye programu mpya, wakaiondoa kwenye zile saba zilizokuwa nzima. Kwa kufanya hivyo wakaifungulia njia Power Peg kwenye seva zote nane. Katika dakika 45 maagizo 212 ya wateja yalizaa miamala zaidi ya milioni 4 kwenye hisa za kampuni 154, na hasara ikapita dola milioni 460. Mwaka uliofuata Knight iliunganishwa na kampuni nyingine, na huo ukawa mwisho wake kama kampuni inayojitegemea.

Kwa hiyo, kabla ya amri yoyote ya kurekebisha, andika jedwali. Taja seva zote kwa majina, hata za akiba, hata ile ambayo watu wanasema haitumiki siku hizi. Ingia kwenye kila moja, soma namba ya toleo, linganisha alama ya utambulisho ya faili, soma mipangilio yake. Usikubali jibu la "zote zimepata". Skripti ikiandika kwamba imekamilika, maana yake ni kwamba skripti imefika mwisho wake, basi. Seva isiyofanana na wenzake ndiyo unayoitafuta, na ukiipata itoe yenyewe peke yake kwenye mzunguko.

Funga mlango kwanza, kabla hata ya jedwali.

Majeruhi anayetoka damu hufungwa kidonda kwanza, maswali ya nani kamchoma huja baadaye. Zuia maombi mapya yasiingie. Weka ukurasa wa taarifa, simamisha foleni, zima huduma yenyewe ikibidi. Wakubwa wengi huogopa kuzima kwa sababu kuzima kunaonekana na kila mtu, lakini mfumo uliosimama unakera tu, ilhali mfumo unaolipa mara mbili unafilisi. Kila mfumo unaogusa fedha au dawa uwe na swichi moja inayojulikana ya kuusimamisha, na fundi wa zamu awe na mamlaka ya kuibonyeza bila kumwamsha mtu. Mamlaka hayo yaandikwe na kutiwa saini mchana, watu wakiwa wametulia.

Soma yaliyoandikwa kabla ya kengele kulia.

Asubuhi ile, kabla soko halijafunguliwa, mfumo wa Knight ulikuwa umewatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizoitaja Power Peg. Hazikuwa zimekusudiwa kuwa onyo, na hakuna aliyezifanyia kazi. Mfumo ukigoma, watu hutazama logi za dakika hiyohiyo. Rudi nyuma saa moja, mbili, hadi pale toleo lilipoingia. Mara nyingi jibu liko pale, limeandikwa kwa utulivu kabisa.

Usiwashe upya kila kitu. Kuwasha upya kunafuta ushahidi uliomo kwenye kumbukumbu ya muda. Nakili logi zote kwenye mashine nyingine kwanza, ndipo uwashe, na uwashe moja moja.

Usirudi kwenye toleo la nyuma kwa njia ambayo hujawahi kuijaribu.

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo mafundi wazuri wanapoumia. Tumefundishwa wote kwamba toleo jipya likisumbua, rudisha la zamani. Juni 2012 kundi la benki la RBS la Uingereza, lenye NatWest na Ulster Bank ndani yake, lilipandisha toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku, zile za kujumlisha miamala ya siku na kusawazisha salio za wateja. Mafundi waliona toleo lina hitilafu, wakaliondoa. Hawakujaribu kwanza kuona kuliondoa kutaleta nini. Kumbe toleo jipya na la zamani hayakuelewana, na kazi za usiku zikavurugika, za leo zikapanda juu ya za jana ambazo nazo hazikuwa zimekwisha.

Wateja wasiopungua milioni 6.5 waliguswa. Wapo walioshindwa kulipa mkopo wa nyumba kwa wakati, wapo waliokwama ugenini bila fedha mkononi, na wapo waajiri walioshindwa kulipa mishahara. Mifumo mingi ya RBS na NatWest ilitengemaa tarehe 26 Juni, na ya Ulster Bank haikutengemaa hadi tarehe 10 Julai. Novemba 2014 wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza wakaitoza benki faini ya pauni milioni 56.

Kurudi nyuma nako ni kupandisha toleo. Kuna faili zinazobadilishwa, huduma zinazozimwa na kuwashwa, mipangilio inayoguswa, na hayo yote yanafanywa na watu waliochoka, usiku, wakiwa na hofu. Basi majaribio yanayostahili toleo jipya, kurudi nyuma kunayastahili maradufu. Wiki moja kabla, kwenye seva za majaribio, panda, acha mfumo ufanye kazi ya siku nzima pamoja na kazi zake za usiku, halafu shuka. Ukishindwa kushuka pale, usipande kwenye seva zenyewe.

Usisahau kwamba programu inarudi nyuma lakini data hairudi.

Chukua mfano huu. Toleo jipya linaingia saa nne usiku, na kuanzia hapo namba za simu za wateja zinaandikwa kwa kuanza na 255 badala ya 07. Saa nane mnaamua kurudi. Programu ya zamani inawaka vizuri, taa zote za kijani, watu wanapeana mikono. Asubuhi mteja anaingia. Programu inatafuta namba yake inayoanza na 07, haimkuti, na kwa utiifu wake wote inamfungulia akaunti ya pili yenye salio sifuri. Kufika saa sita mchana una wateja wenye akaunti mbili mbili, na wengine wamekwisha kuweka fedha kwenye zote. Kulitenganisha fungu hilo ni kazi ya wiki kadhaa, na kila mmoja katika wateja hao ana haki ya kupiga simu akiwa na hasira.

Mabadiliko ya hifadhidata yaende kwa hatua: kwanza ongeza kipya bila kuondoa cha zamani, matoleo yote mawili yaweze kusoma, na cha zamani kiondolewe wiki kadhaa baadaye. Na kabla hamjaanza, andikeni saa ya mwisho ya kurudi. Saa hiyo ikipita, mtu mwenye jina lake aitangaze kwa sauti: "Kuanzia sasa haturudi, tunarekebisha kwenda mbele." Marekebisho ya namna hiyo yawe madogo kuliko yote yanayowezekana, yaandikwe na mmoja, yasomwe na mwingine.

Jaribu kurudisha nakala rudufu kabla ya kuiita nakala.

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, fundi wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, alikuwa anahangaika na hifadhidata ya pili iliyoachwa nyuma na ile kuu. Akaamua kufuta saraka ya data kwenye ile ya pili ili aanze upya. Amri akaipiga kwenye ile kuu. Majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja. Sekunde moja au mbili baadaye alishtuka na kuikatisha, na kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Wakageukia nakala rudufu. Nakala za kila siku zilikuwa hazitoki kabisa, kwa sababu programu ya kunakili haikulingana na toleo la hifadhidata. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu hiyo zilikuwa zinakataliwa njiani. Ghala la nakala lilipofunguliwa lilikuwa tupu. Walichookoa walikiokoa kwa picha ya diski ambayo fundi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa shughuli nyingine. Data za hifadhidata za saa hizo 6 zilipotea moja kwa moja.

Kila mwezi, chagua nakala moja, irudishe kwenye seva tupu, fungua jedwali la wateja na uhesabu mistari. Na wakati wa dharura, usifute kitu. Badili jina la saraka, uiache palepale hadi wiki ipite. Diski ni rahisi kuliko data. Ukilazimika kufuta, piga kwanza amri ya kuonyesha jina la seva, na mwenzako aliyeko kando yako alisome jina hilo kwa sauti kabla hujabonyeza. Skrini za seva za kazi zipakwe rangi nyekundu ili jicho lililochoka lizitambue.

Awepo msemaji mmoja wa amri.

Kwenye simu ya dharura kuna watu ishirini, na kila mmoja ana wazo. Mteue mmoja wa kuamua na mwingine wa kuandika, mwandishi asiguse seva hata kidogo. Kila hatua itangazwe kabla ya kufanywa na irudiwe na anayeifanya. Lugha iwe fupi na ya heshima.

"Kaka, seva namba nne usiiguse mpaka nikupe ruhusa."

"Nimesikia. Namba nne siigusi."

Hiyo inatosha. Fundi anayerekebisha jambo kimyakimya, hata akiwa amepatia, amewaharibia wenzake picha ya hali ilivyo. Mwandishi aweke saa mbele ya kila mstari, kwani kesho yake maandishi hayo ndiyo mtakayoyategemea, kumbukumbu za watu hazitafanana.

Mkurugenzi, usipige simu kila baada ya dakika tano.

Ukitaka kujua hali, muulize mwandishi. Swali la "itarudi saa ngapi?" likimfikia fundi aliyeshika kibodi, ndilo linalomsukuma kuruka hatua ya kukagua. Kazi yako usiku huo ni kuwalinda mafundi dhidi ya simu, kuwaletea chakula, kutoa ruhusa za fedha haraka na kuzungumza na wasimamizi wa serikali. Jibu la kuchelewa ulibebe wewe.

Na usidhani lawama itaishia chini. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja milioni 5.2 kwenda kwenye mfumo mpya kwa mkupuo mmoja, wikendi moja. Data zilihama salama, mfumo wenyewe ukalemewa, na hali haikurudi kuwa ya kawaida hadi Desemba. Faini ya benki ilikuwa pauni milioni 48.65. Aliyekuwa mkuu wake wa TEHAMA akatozwa nyingine kwa jina lake mwenyewe, pauni 81,620, kwa kutohakikisha kwamba mzabuni aliyeujenga mfumo yuko tayari.

Usimwachie aliyechoka. Baada ya saa nane za kazi ya dharura, mtu hubadilishwa, hata akiwa ndiye mjuzi kuliko wote. Alale jengoni, aamshwe akihitajika. Mfumo unaojulikana na mtu mmoja tu una hitilafu hata siku unapofanya kazi.

Usiseme "tunaboresha huduma" wakati mfumo umeanguka.

Maneno hayo tumeyasoma mno kwenye simu zetu. Mteja aliyeko kituo cha mabasi na fedha yake imekatwa bila tiketi kutoka hataki kusikia habari ya maboresho. Mwambie nini hakifanyi kazi, nini kinafanya, fedha yake iko wapi, asifanye nini, na lini utamwambia tena. Kwa mfano: "Malipo kwa simu hayafanyi kazi tangu saa mbili asubuhi. Salio lako liko salama. Ikiwa umekatwa fedha na hujapata risiti, tafadhali usirudie malipo. Tutakurudishia au tutayakamilisha. Taarifa nyingine saa tano." Halafu saa tano ikifika toa taarifa, hata kama ni kusema bado mnahangaika. GitLab katika janga lao waliandika kila hatua hadharani, wakarusha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwa video, na watu wakawavumilia.

Tenganisha ufunguo na chumba unachokifungua.

Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili bovu la programu yake ya ulinzi. Baada ya dakika 78 ikaliondoa. Lakini kompyuta zilizokwisha kulipokea zilikuwa zimeanguka na haziwezi kuwaka, kwa hiyo haziwezi kupokea marekebisho. Microsoft ilikadiria zilikuwa milioni 8.5. Nyingi zilihitaji mtu aende mbele ya kila moja, aiwashe kwa hali ya usalama na kulifuta faili lile kwa mkono. Na pale diski ilipokuwa imefungwa kwa siri, alihitaji namba ndefu ya kuifungulia, ambayo kwa baadhi ya taasisi ilikuwa imehifadhiwa kwenye seva ambazo nazo zimeanguka.

Nywila za dharura, ramani ya seva, namba za simu za mafundi na maagizo ya kurudi nyuma yachapishwe kwenye karatasi na kuwekwa kwenye kasha la chuma, watu wawili wawe na ufunguo. Iwepo pia njia ya pili ya kuzifikia seva, isiyopita kwenye mtandao uleule unaoweza kuanguka. Ijaribuni kila robo mwaka.

Linganisha hesabu kabla ya kufungua mlango.

Mfumo umewaka, na hamu ya kwenda kulala ni kubwa. Subiri. Chukua orodha ya miamala iliyokwama nusu, moja moja, na uilinganishe na upande wa pili: benki nyingine, kampuni ya simu, mfumo wa serikali. Usiirushe tena foleni nzima kwa amri moja. Siku ya Krismasi ya 2021, benki ya Santander ya Uingereza ililipa mara ya pili malipo 75,000 yaliyokwisha kulipwa, jumla ya pauni milioni 130, kwa sababu ya kasoro ya kupanga kazi tu, bila hata janga. Kuzidai fedha zilizokwisha kuingia kwenye akaunti za watu wa benki nyingine ni shughuli isiyo na mwisho. Fungua tawi moja au mkoa mmoja kwanza, tazama kwa saa moja, ndipo ufungue uliobaki.

Usitafute wa kufukuza.

Wasimamizi wa soko la hisa la Marekani walipoitoza Knight faini ya dola milioni 12 mwaka 2013, hoja yao haikuwa uvivu wa fundi aliyeiruka seva ya nane. Walihoji kwa nini kampuni haikuwa na utaratibu wa kukagua, na kwa nini haikuwa na mwongozo wa nini kifanyike mambo yakiharibika. Ukimfukuza aliyekosea, waliobaki wanajifunza kuficha, na safari ijayo utaletewa habari ukiwa umechelewa. Kaeni ndani ya siku mbili au tatu, watu wakiwa bado wanakumbuka, mpitie maandishi ya mwandishi mstari kwa mstari. Kila pengo liandikiwe kazi, jina na tarehe. Programu zilizolala ambazo hakuna anayezitumia ziwe za kwanza kwenye orodha ya kufutwa.

Usipandishe toleo lilelile usiku unaofuata.

Shinikizo litakuja: mkataba, uzinduzi, waziri anakuja. Kataa mpaka sababu ya kugoma iwe imeandikwa kwa sentensi ambazo mtu wa zamu nyingine anazielewa, mpaka hitilafu ileile iwe imezalishwa tena kwenye seva za majaribio na kuonekana imepona, na mpaka njia ya kurudi iwe imetembewa mwanzo hadi mwisho na watu watakaokuwa zamu usiku huo. Kama mwisho wa mwezi na mishahara viko ndani ya siku tano, ngoja mwezi uishe.